Mlima Meru kutoka Nairobi: usiku wa kilele ndio mtihani

Wapanda milima wengi wa Nairobi huuchukulia Mlima Meru wa Tanzania kama zoezi la kujipasha kabla ya Kilimanjaro. Una mita 4,562, na aliyefika Lenana, kilele cha Mlima Kenya chenye mita 4,985, anaona hapa hakuna kazi. Kosa liko kwenye hesabu. Lango la Momella, mnakoanzia kupanda, liko kwenye mita 1,500 hivi, chini kuliko Nairobi yenyewe, kwa hiyo unapanda takriban mita 3,000 ukilala njiani mara mbili tu. Na kipande kigumu kuliko vyote unakipita gizani.

Kufika si tabu. Mabasi madogo ya Arusha hupitia Namanga, ambako muhuri wa kutoka Kenya na wa kuingia Tanzania hugongwa katika jengo moja. Mkenya hahitaji viza, ila abebe pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Pasipoti usiifukie chini ya begi: Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ulimo mlima huu, ina ada nafuu kwa raia wa Afrika Mashariki, na uraia huo unathibitishwa kwa karatasi, si kwa ufasaha wa Kiswahili chako. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Juni 2019, kwa hiyo tafuta mifuko mingine isiyopitisha maji ya kufungia nguo za kulalia.

Kinachoangusha watu mapema ni buti, hasa za mitumba. Katika masoko ya Gikomba na Toi, Nairobi, utapata buti za mlimani zinazong'aa, ngozi safi, soli haijalika. Hizo ndizo za kuogopa. Ile sehemu laini iliyo kati ya soli na ngozi mara nyingi ni ya poliyurethani, ambayo huoza polepole kwa unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kabatini. Buti iliyokaa miaka bila kuvaliwa inaweza kuachana na soli yake ndani ya saa chache za kupanda. Ibonyeze sehemu hiyo kwa ukucha wa gumba. Ikirudi mahali pake, sawa. Ukucha ukiacha shimo, au vikidondoka vipande kama mkate mkavu, mrudishie mwenyewe hata akikupunguzia bei. Ukiridhika, ivae kwanza kwenye milima ya Ngong na Longonot ukiwa na begi la uzito ule ule utakaobeba Meru.

Siku ya kwanza haina maajabu. Unatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, na asiyependa mwendo wake avumilie tu. Kumtangulia si ushujaa.

Shida ya mwinuko huanza Saddle, mnakolala usiku wa pili. Kibanda cha Miriakamba, cha usiku wa kwanza, kiko mita 2,514, cha Saddle mita 3,570. Ushauri wa kawaida ni kwamba ukishapita mita 3,000, kila usiku usilale zaidi ya mita 500 juu ya pale ulipolala jana. Meru inakuongezea zaidi ya 1,000 kwa mkupuo. Kwa mtu wa Nairobi, njia bora ya kujiandaa ni kwenda Mlima Kenya wikendi iliyotangulia na kulala kwenye kibanda cha Old Moses, mita 3,300. Kisha, mkifika Saddle siku ya pili, msijilaze: pandeni Little Meru, kilele kidogo cha jirani chenye mita 3,820, mwendo wa saa moja hivi, mrudi kulala chini. Wanaotumia dawa ya acetazolamide kujikinga na ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida humeza miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Mwone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Kichwa kikiuma kidogo, kunywa maji na upumzike. Anayepepesuka kwenye njia tambarare hasubiri kupambazuke, anashushwa.

Safari ya kilele huanza saa saba au saa nane usiku. Ukitoka kibandani ukiwa na joto la kutosha, umevaa kupita kiasi, na jasho la saa ya kwanza ndilo litakalokutetemesha juu. Hadi Rhino Point ni kupanda tu. Hapo njia inashuka, jambo linalowakatisha tamaa wengi, kisha inakatisha bamba la mwamba ulioinama lenye mnyororo wa kushikilia. Fimbo zifungwe kwenye begi kabla ya kufika hapo, si mkiwa katikati. Pita ukiutazama mwamba, mmoja mmoja.

Baada ya hapo ni ukingo wa kreta, shimo likiwa kushoto, na majivu yanayokurudisha nusu ya kila hatua. Piga hatua fupi na ukanyage nyayo za aliyetangulia. Cobra Point, mita 4,350, hudanganya: kilele kinaonekana karibu, kumbe bado kuna saa moja au zaidi ya mawe ya kukwea kwa mikono. Beba lita mbili hadi tatu za maji. Mrija wa mfuko wa maji ndio hutangulia kuganda, kwa hiyo kila ukinywa puliza maji yarudi ndani, au beba chupa ikiwa kichwa chini, maana barafu huanzia juu. Betri za akiba za tochi zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Ratiba ya siku tatu inakushusha kutoka kileleni hadi Momella siku hiyo hiyo. Lipia ya siku nne, ulale tena Miriakamba. Kucha za miguu zikatwe siku mbili tatu kabla ya safari, na kabla ya kushuka ulegeze kamba za buti kwenye vidole na kuzikaza kwenye kifundo ili kisigino kisisogee mbele. Lile bamba la mwamba mtalivuka tena, safari hii mkiona lilivyo, na wapo wanaogoma hapo hapo. Mtu wa namna hiyo awekwe katikati ya kundi, apite akiutazama mwamba, na asiharakishwe na walio nyuma.