Mtungi ulioko chini ya meza yangu

Nilianza ufundi wa friji mwaka 1999, kwenye karakana ya mjomba wangu Mbagala. Kazi ya kwanza niliyofundishwa ni kumwaga gesi. Friji ikiletwa kompresa imekufa, unakata bomba kwa koleo, unageuza uso pembeni, unaiacha ipige mluzi mpaka iishe. Bomba linaota barafu mkononi mwako. Kovu bado ninalo kwenye kidole cha shahada. Baridi ya R12, gesi ya friji za wakati ule, inaunguza kama pasi. Hakuna aliyetuambia kwamba gesi ile ikifika juu inakwenda kula tabaka la ozoni, lile linalotukinga na miale mikali ya jua.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu juzi kijiweni kijana mmoja alikuja juu kweli: masharti ya mazingira ni ya wazungu, wamechafua, wametajirika, sasa wanataka kutupangia. Uchungu wake naujua. Ila kwenye kazi yangu nimeona sharti moja la aina hiyo likifuatwa na likafanya kazi.

Sharti hilo ni Itifaki ya Montreal, mkataba wa nchi wa kuacha gesi zinazokula ozoni. Ilitiwa saini mwaka 1987, na leo nchi 198 zimo. Nchi tajiri ziliachishwa R12 na ndugu zake mwaka 1996, sisi tukapewa hadi 2010, tena ukaundwa mfuko wa kusaidia nchi zinazoendelea kubadilisha mitambo na kufundisha mafundi. Aliyechafua zaidi alitangulia, akatoa na fedha. Madukani R12 ikaadimika, ikapotea, zikaja friji za gesi nyingine, R134a, na siku hizi R600a. Watu wanaendelea kunywa maji baridi, na ozoni inapona.

Kwa hiyo nasema nchi zifuate masharti ya namna hii, yetu ikiwemo. Lakini kufuata hakuishii kwenye saini.

Mwaka jana nilinunua mtungi ulioandikwa R134a, nikajaza friza ya mama mmoja anayeuza aiskrimu za ubuyu. Siku ya tatu akapiga simu: "Fundi, mwanangu, ubuyu wangu umekuwa uji." Nilipofunga geji, presha haikuendana kabisa na joto la siku ile. Gesi ilikuwa imechanganywa, na kompresa ikaungua. Nilimnunulia nyingine kwa hela yangu, maana yule mama anasomesha kwa ubuyu. Mtungi wa namna ile ulipita bandarini au mpakani, mbele ya macho ya mtu. Sharti linafia hapo.

Na R600a inawaka, ni jamii moja na gesi ya viberiti. Kijana ambaye hajafundishwa akiwasha tochi ya kuchomelea kabla bomba halijawa tupu, anaungua uso. Mafunzo yamfuate huko huko uchochoroni aliko.

R134a haigusi ozoni, ila kilo yake moja inapasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za hewa ukaa. Ndiyo maana nchi zilikutana Kigali, Oktoba 2016, zikakubaliana kuipunguza pia. R22, gesi ya AC za zamani, ni mbaya kuliko R134a: inaumiza ozoni, na joto lake linapita hilo. Mtungi wake mmoja wa kilo 13.6 ukimwagwa ni kama tani 24 za hewa ukaa. Nilipopiga hesabu hiyo kwa kalamu usiku sikulala vizuri. Nimemwaga ngapi toka 1999?

Tulichanga mafundi sita tukanunua mashine ya kunyonya gesi, imetumika lakini nzima. Sasa hatumwagi. Tukishusha AC, gesi inaingia kwenye mtungi, tunapima kwenye mizani, tunaandika daftarini. Kila nikiuliza pa kuipeleka naambiwa nisubiri. Zimefika kilo nne za R22, ziko chini ya meza yangu, nimezifunika gunia zisipigwe na jua.