Mama wa Pweza

Harusi ya mdogo wangu imepita salama, Alhamdulillah, wageni wa Tanga wamesharudi kwao, na semina ya uwekezaji kule Chake Chake nayo imekwisha. Nilikaa niwaandikie hayo. Lakini tangu Jumanne kuna maneno yananizunguka kichwani, hata kwenye ukumbi wa harusi nilikuwa nayasikia.

Mama wa pweza mnamjua, yule anayeuza pweza soko letu la hapa Wete, Pemba. Namwita shangazi, ila si wa damu. Alikuwa jirani yake baba kule Gando, kanibeba mgongoni, na hadi leo ananiita mwanangu mbele ya wenzangu wa kazini. Nilifika mezani kwake na kitabu cha risiti za ushuru wa soko kama kawaida. Akafungua fundo la kanga, akawa anahesabu sarafu mojamoja, vidole vimeloa maji ya pweza.

"Mwanangu, ati kweli huyo wa hoteli kasamehewa kodi?"

"Wawekezaji wanapewa unafuu, shangazi. Wanaleta mitaji, wanaajiri vijana wetu." Nililisema vizuri kabisa, vilevile nilivyolisikia semina.

"Basi hata mie naajiri."

"Wewe umemwajiri nani, shangazi?"

"Wewe."

Walicheka hadi wauza ndimu. Akanitilia sarafu mkononi, nikakata risiti, nikaenda meza ya pili.

Jibu lilinijia nimeshafika ofisini, kama kawaida yangu. Ningemwambia: shangazi, kodi ya mapato na ushuru wa forodha ni mambo ya TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, VAT ya hoteli, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni ya ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, cheti cha uwekezaji kinatoka ZIPA, mamlaka ya uwekezaji Zanzibar. Sisi wa baraza la mji tuna ushuru wa soko na mambo ya usafi, hatukumsamehe mtu. Kila neno hapo ni sahihi, nami nimelikariri jikoni, nimelikariri kwenye daladala, na kila nikilimaliza namwona ananitazama tu. Yeye TRA hajawahi kuiona imesimama mbele ya meza yake. Mtu wa serikali anayemjua ni mimi.

Na kule semina tulivyokuwa tunaitikia kwa vichwa! Maeneo huru ya uchumi, miaka kumi bila kodi ya mapato ya kampuni, mitambo inaingia bila ushuru, faida mtu anaruhusiwa kuihamishia kwao. Sheria mpya ya uwekezaji ya 2023 tukasomewa. Mimi nikawa nafikiria Micheweni, huku kwetu Pemba. Ilitangazwa eneo huru tangu 1992, sawa na Fumba ya Unguja. Fumba leo kuna mji mzima unauzwa, na mgeni akinunua nyumba ya kuanzia dola 100,000 katika miradi iliyoidhinishwa anaweza kupata na kibali cha ukaazi. Micheweni watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wana watoto wao, bado tunaambiwa fursa zipo. Nilitaka kunyoosha mkono niulize, chai ikaletwa.

Usidhani lakini kwamba nimegeuka mpinga wawekezaji. Mtoto wa jirani yangu anapiga plasta hukohuko Fumba, na pesa anayotuma ndiyo iliyoezeka bati nyumba ya mama yake. Huyo nikimwambia misamaha ni ujinga atanishangaa, na atakuwa na haki. Ardhi yetu ni ya serikali, mgeni anakodishwa tu, hawezi kuondoka nayo, kwa hiyo hata ile hofu ya wazee kwamba tunauzwa mimi sinayo sana. Usiku wa Alhamisi nilikuwa nimeshajituliza kwa hoja hizi, nikasema basi, mama wa pweza kanitania tu, nilale.

Nikakumbuka friza.

Mwaka huu wote anataka friza. Siku pweza wakiwa wengi, wanawake wanarudi pwani na ndoo zimejaa, na ikifika alasiri yeye anauza kwa bei ya kutupa kwa sababu hana pa kuweka. Anayesubiri alasiri hiyo ni nani? Dereva wa hoteli, na boksi lake la barafu. Friza ya hoteli iliyo na cheti cha uwekezaji iliingia bandarini bila ushuru wa forodha. Friza ya mama wa pweza ataichukua dukani, na ushuru umo ndani ya bei, ingawa risiti yake haitamwonyesha. Ili apate msamaha kama wa mwenzake inabidi kwanza awe na mtaji wa kiwango kilichowekwa, na angekuwa na mtaji huo asingekuwa anafungua fundo la kanga mbele yangu.

Hili sikulisikia semina. Nimeliandika kwenye daftari la kazi, na mkuu wangu akirudi safari nitamuuliza, japo namjua, ataniambia si mamlaka yetu. Ni kweli si mamlaka yetu. Jumanne nitakwenda tena na kitabu, na jibu la kumpa shangazi bado sina.

Mama anasafiri kesho na boti, ana miadi ya macho hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Kusi limevuma mchana kutwa na yeye bahari haimpendi. Ndugu yangu aliyeahidi kumpokea bandarini Malindi, hukohuko Unguja, hapokei simu tangu adhuhuri.