Usiku Mmoja na Lori la Njiwa

Wafugaji wengi wa njiwa wa mashindano tunaijua nusu moja tu ya safari ya ndege wetu, ile ya kurudi. Jioni tunawakabidhi klabuni, kesho yake tunakaa kando ya banda tukikodolea macho anga. Katikati hapo kuna barabara, kuna lori, kuna usiku mzima, na ni nadra mtu kuuliza kilichotokea humo. Msimu huu ulipofunguliwa niliomba nafasi kwenye lori, nikaenda na njiwa hadi mahali pa kuachiwa. Nimerudi nikiwa na hakika kwamba mbio za kwanza za msimu, zaidi ya nyingine zote, huamuliwa kwenye nusu ile tusiyoiona.

Safari yenyewe ilianza wiki kadhaa kabla ya lori. Njiwa wangu walikuwa wametoka kwenye mapumziko marefu: wamebadili manyoya, wamelalia mayai, wamelea makinda. Njiwa wa namna hiyo ukimshika mkononi unamjua mara moja. Ni mzito, kifua chake ni laini, na baada ya mizunguko michache juu ya banda anatua paani huku mdomo uko wazi. Nikawapunguzia mahindi na mbaazi, nikaongeza shayiri, na kwa siku kila mmoja nikampimia kiasi cha gramu 30. Zaidi ya hapo unanenepesha ndege ambaye bado hana kazi. Polepole kundi likaanza kwenda mbali, likawa linapotea machoni nusu saa nzima na kurudi limebana, linakata kona kwa pamoja. Hapo ndipo nilipotoa makapu ya kuwasafirishia.

Kwanza niliwalaza humo bila kwenda popote, na maji nimeyaning'iniza nje kwenye kihori. Hatua hii wengi huiruka. Njiwa ambaye hajajifunza kupenyeza kichwa kati ya fito ili anywe atakaa na kiu usiku kucha maji yakiwa mbele ya mdomo wake, na asubuhi ataachiwa akiwa amekauka. Ukiona kihori kimepungua na shingo zimelowa, mnaweza kuondoka.

Kilomita 5 za mwanzo ni za kufungua barabara tu. Kisha 10, kisha 20, zote kwenye mstari mmoja na njia ya mashindano. Wapo wanaopenda kuwazungusha njiwa pande zote nne za banda, na kwa makinda sikatai. Kwa njiwa wazima wanaoanza msimu nafuata mstari, kwa kuwa ninachotaka ni wauone tena ule upande ambao watatokea miezi yote inayofuata. Kwenye kilomita 20 waliruka, wakazunguka juu ya kichwa changu mara kadhaa, wakakata kuelekea nyumbani. Nilipofika walikuwa wameshakula.

Kilomita 40 ndipo safari ilipokuwa na mambo. Mahali pale ni kilima chenye uwanda mpana, na chini yake barabara kuu inavuka mto. Niliacha kuwaachia kwa kundi, nikawatoa mmoja mmoja, kila mmoja nikimsubiri apotee kabla ya kumtoa mwenzake. Kazi hii inachosha na inakula asubuhi nzima, lakini siku ya mashindano ndipo utakapoona faida yake. Njiwa ni ndege wa kundi. Wakiachiwa maelfu kwa mara moja, wengi wataburutwa na wenzao wanaokwenda mabanda mengine. Anayeshinda ni yule anayethubutu kujitoa kundini mapema na kushika njia yake peke yake, na ujasiri huo hujengwa kwenye mazoezi ya namna hii.

Mmoja wao, jike wa kijivu mwenye mistari miwili myeusi bawani, nilimwangalia hadi mwisho. Alipanda, akazunguka nusu mzunguko tu, akateremka hadi juu ya barabara, akaenda nayo mpaka darajani. Mwaka 2004 watafiti walioongozwa na Hans-Peter Lipp walichapisha matokeo ya njiwa waliofungwa vifaa vya GPS mgongoni karibu na Roma, Italia. Ramani zilionyesha ndege wakifuata barabara kuu na kuiacha kwenye matawi yake, hata pale njia iliyonyooka ingekuwa fupi zaidi. Nilipoendesha kurudi kwenye barabara ileile, nilijikuta nikiitazama kila njia panda kwa makini.

Siku hiyo pia kozi, ndege mwindaji, alikuja. Alitoka nyuma ya miti ya mtoni, akamkosa dume mwekundu kwa upana wa mkono, na dume yule akapanda juu sana mpaka akawa nukta. Alirudi nyumbani jioni, manyoya mawili ya mkia yamekatika. Tangu hapo sikuachia tena karibu na miti, na kama ni lazima, huachia wote pamoja na kwa haraka.

Baada ya kilomita 60 nilisimama. Hapa natofautiana na wenzangu wanaokwenda hadi 100 kabla ya mbio za kwanza. Njiwa mzima aliyekwisha kushindana mwaka uliopita hahitaji kuchoshwa njiani ili akumbuke. Anahitaji pumzi na misuli, na hivyo anavipata akizunguka nyumbani vizuri, asubuhi na jioni.

Jioni ya kukabidhi, foleni klabuni ilikuwa ndefu. Kila njiwa anapitishwa mguu wake juu ya antena, mashine inalia, namba ya pete inaingia kwenye saa ya elektroniki pamoja na ile ya chipu aliyofungwa mguuni. Pete yenyewe haina pa kufungukia. Ilivishwa mguuni kinda akiwa na umri wa wiki moja hivi, vidole vikiwa bado vyembamba, na haitoki tena. Majike wakaingia kreti zao, madume zao. Kreti zikafungwa kwa lakiri, zikapandishwa.

Mwachiaji wetu ni mzee ambaye amefanya kazi hii tangu zile saa za kupiga chapa karatasi, wakati njiwa akifika unamvua pete ya mpira mguuni na kukimbilia kuitumbukiza kwenye saa. Alinikaribisha mbele ya lori, akaniambia, "Mwanangu, humu hatulali sote kwa pamoja. Mmoja lazima awe anasikiliza nyuma."

Nilidhani ni maneno tu. Baada ya saa moja barabarani nikaelewa. Njiwa waliotulia hutoa mngurumo wa chini unaoendana na lori. Sauti ikibadilika, mbawa zikaanza kupiga ubao, kuna jambo: joto limezidi, au madume wawili wamegombania kona. Tulisimama, mzee akapanda nyuma na tochi. Kwenye safu ya juu, karibu na paa, hewa ilikuwa nzito kuliko ya chini, nzito kiasi cha kuisikia usoni. Alifungua vibao vya pembeni kwa upana wa vidole vinne, akasubiri, akaingiza mkono ndani ya kreti moja na kumgusa njiwa chini ya bawa. Kisha akanionyesha kreti nyingine, iliyojazwa kupita kiasi. "Hawa kesho watachelewa," alisema, "na mwenyewe atalaumu upepo."

Njiwa hana jasho. Joto analitoa kwa kuhema, na kila akihema anapoteza maji. Saa nne au tano za kuhema ndani ya lori humla nguvu ambazo wewe mfugaji umezijenga kwa miezi. Ukiwa nyumbani huwezi kuliona jambo hili kamwe. Unaona tu njiwa aliyechelewa, na unaanza kumkata kwenye orodha.

Tulifika kabla ya alfajiri. Mzee hakugusa mlango wowote. Vihori vilijazwa maji, lori likageuzwa ili jua likichomoza lisiwapige njiwa wa upande mmoja usoni, kisha kimya. Alitaka wanywe, watulie, wazoee mwanga. Ratiba ilisema saa moja na nusu asubuhi. Saa moja na nusu ilipofika juu yetu kulikuwa kweupe, na nikamuuliza, "Mzee, si tuwaachie?"

"Hapa pamefunguka. Njia nzima je?"

Akapiga simu kilomita 50 mbele. Wingu zito, chini kabisa. Akapiga kilomita 100. Huko anga lilikuwa limeanza kufunguka. Tukangoja.

Njiwa hutumia jua kama dira, na kwa kuwa ndani ya mwili wake kuna saa, anajua jua linatakiwa kuwa upande gani kwa wakati gani. Jua likifichwa, ana njia ya pili, usumaku wa dunia. Mwaka 1971 William Keeton wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichapisha jaribio lake la kuwafunga njiwa visumaku. Siku za jua, wale waliozoea safari walishika njia yao vizuri. Siku za wingu, wenye sumaku mara nyingi walipoteza mwelekeo, ilhali wenzao waliofungwa vipande vya shaba walikwenda sawa. Kwa hiyo wingu peke yake si kifo kwa njiwa mzoefu. Lakini mbio za kwanza zina ndege wa mwaka wa pili ambao wamefanya safari chache tu, na ndio hao mzee alikuwa akiwangojea.

Huku tukisubiri alinieleza habari za Nantes. Tarehe 29 Juni 1997, zaidi ya njiwa 60,000 waliachiwa katika mji huo wa Ufaransa kurudi Uingereza, mbio za kuadhimisha miaka mia moja ya chama cha kifalme cha mashindano ya njiwa cha nchi hiyo. Maelfu kwa maelfu hawakurudi. Miaka mitatu baadaye Jonathan Hagstrum, mtaalamu wa jiofizikia wa Marekani, alitoa hoja kwamba huenda mshindo wa Concorde, ndege ya abiria yenye kasi kupita sauti iliyokuwa ikivuka eneo hilo, uliharibu sauti nzito za chini ambazo anaamini njiwa huzitumia kutafuta njia. Wataalamu wanaendelea kubishana. Mzee hakuwa akibishana. Alinikumbusha tu kwamba mkono wa mwachiaji ukishavuta mlango, hakuna wa kuurudisha.

Saa tatu kasorobo simu ya kilomita 50 ikaleta habari njema. Mzee alitazama upepo kwenye majani ya nyasi: hafifu, wa pembeni. Akanipisha nisimame karibu na safu ya nyuma. Milango yote ya kreti inavutwa na chuma kimoja, na kilipovutwa nilisikia kishindo kimoja kisha upepo wa mbawa ukanipiga kifuani, vumbi na vinyoya vikapanda. Hawakuzunguka sana. Kundi lilipinda mara moja upande wa kushoto, likajinyoosha, likaelekea nyumbani. Katika kreti moja njiwa mmoja alibaki kona, anatazama. Mzee alimwacha. Dakika kama mbili baadaye akatoka mwenyewe.

Tukafunga milango, tukaondoka. Lori tupu lina kelele nyingi kuliko lenye njiwa. Tulikuwa bado mbali sana simu ilipolia. "Baba, amefika yule jike wa kijivu!" Mwanangu alikuwa akihema kana kwamba ameruka yeye. Saa tano kasoro dakika tano, dakika 130 tangu kuachiwa. Banda langu liko mita 162,400 kutoka pale, kwa hiyo mwendo wake ulikuwa mita 1,249 kwa dakika, karibu kilomita 75 kwa saa. Kwenye njiwa hatuhesabu nani katangulia kutua, kwa kuwa mabanda hayako mahali pamoja. Kila mmoja anagawanyiwa umbali wake kwa dakika zake. Mama mmoja wa klabu yetu ana banda lililo mbele zaidi ya langu, mita 169,000. Jike wake alifika dakika nne baada ya wangu, lakini hesabu yake ilitoa mita 1,261 kwa dakika, akanipita kihalali kabisa.

Wengine wakaingia kwa makundi madogo, na hadi saa saba mchana karibu wote walikuwa ndani. Wawili walikosekana. Mmoja alilala nje, akaja asubuhi akiwa mzima ila mwepesi mno, nikampa maji yenye chumvichumvi na nafaka laini. Wa pili, yule dume mwekundu aliyenusurika na kozi, hajarudi. Bado ninaacha mlango wa banda wazi kila jioni hadi giza liingie.

Nimewasilisha maombi mawili klabuni: kreti zisizidi njiwa 20 kwa mbio za mwanzo wa msimu, na safu ya juu iongezewe matundu ya hewa kabla joto halijapanda. La kwanza limekubaliwa. La pili linasubiri fundi. Mbio zijazo ni za kilomita 210. Jike wa kijivu anakwenda, waliochelewa wanabaki nyumbani wapate kupumzika, na kiti cha mbele cha lori ameshakiomba yule mama aliyenishinda. Amenipigia simu kuniuliza aje na tochi ya aina gani.