Jinsi Nilivyolichafua Datsun la Safari Rally kwa Udongo wa Voi

Wengi wanaounganisha magari madogo ya plastiki hujivunia mng'ao wa rangi, lakini mimi najivunia uchafu. Datsun 240Z yangu ya kipimo cha 1/24 imechafuka kuanzia bampa hadi paa, na uchafu huo umenila muda mrefu kuliko injini, viti, taa na rangi vikijumlishwa pamoja. Nimeamua kuandika kwa sababu ushauri niliopewa kuhusu jambo hili ulikuwa mbovu karibu wote, na walionipa bado wanaugawa kwa wageni wa ufundi huu kwa ujasiri uleule.

Gari nililolichagua ni lile jekundu lenye boneti nyeusi ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo East African Safari Rally mwaka 1971, huku Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akishika nafasi ya pili kwa gari la aina hiyohiyo. Mashindano hayo yaliasisiwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na baadaye, kwa miaka mingi, yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani masika yanapoanza, kwa hiyo gari liliweza kutimua vumbi asubuhi na kuzama katika tope alasiri. Ukilitengeneza gari kama hilo likiwa safi, umetengeneza gari la maonyesho.

Seti ya vipande niliagiza kwa binamu yangu anayefanya kazi Dubai, nikalipa elfu tano na kitu bila kuhesabu soda ya aliyeibeba. Kuiunganisha hakuna cha kusimulia. Kuhusu rangi nitasema jambo moja tu kwa wakazi wenzangu wa Mombasa: msipulize rangi alfajiri wala usiku kwa kukimbia joto, kwa maana hapo ndipo hewa inapojaa unyevu na rangi ya thina huota utandu mweupe usiofutika. Mimi hupuliza saa saba au saa nane mchana, dirisha likiwa wazi, jasho likinitiririka, na rangi hukauka ikiwa imenyooka.

Baada ya kubandika stika nilianza kuuliza jinsi ya kutia vumbi. Wa kwanza kunijibu alikuwa mtu mwenye kabati zima la magari, akaniambia nichote udongo nje ya nyumba, nichanganye na gundi nyeupe, nipake kwa brashi. Kwa bahati ninalo bodi la gari lililovunjika ambalo hulitumia kwa majaribio, na ndilo lililobeba aibu hiyo. Mtu hahitaji kuwa mwalimu wa hesabu ili aone kasoro: katika kipimo cha 1/24, chembe ya mchanga yenye upana wa milimita 1 huwa sawa na jiwe la milimita 24 kwenye gari halisi. Gari lenyewe lina urefu wa sentimita 17 hivi. Lilionekana limepigwa mawe na umati wenye hasira, kisha gundi ilipokauka mawe yote yakang'aa.

Wa pili alishauri unga wa kakao. Aliusifu kwa ufasaha mkubwa, kwamba ni laini, una rangi ya tope na unapatikana katika kila duka, nami nikakiri moyoni kwamba hoja zake zilikuwa na mashiko. Nikalipaka kakao lile bodi la majaribio, nikaliacha mezani, nikalala. Asubuhi sisimizi walikuwa wamepanga foleni kutoka kwenye ufa wa dirisha hadi kwenye mlango wa dereva, wengine wakiingia na wengine wakitoka na mizigo yao, na lazima nikiri kwamba kwa dakika chache nilivutiwa na mpangilio wao kuliko na kazi yangu. Nililifuta bodi, nikalifungia sandukuni. Nilipolitoa baada ya majuma kadhaa, kakao iliyosalia kwenye mianya ilikuwa imeota kuvu. Nilipomweleza mshauri wangu, alinijibu kwamba kwao Nairobi hakuna sisimizi wa namna hiyo.

Ufumbuzi niliupata kwenye pipa la maji. Mtaani kwetu mifereji hukauka mara kwa mara, tukanunua maji ya mkokoteni, na kila anayeyanunua anajua kwamba pipa likikaribia kwisha huonekana chini yake utelezi laini mno, usio na hata chembe moja ya mchanga. Nilipousugua kati ya vidole nilielewa kwamba maji yalikuwa yamenifanyia kazi ambayo chekeche lolote la jikoni lisingeiweza. Chembe nzito huzama upesi na chembe nyepesi huchelewa, kwa hiyo anayetaka vumbi la gari dogo anapaswa kuzitafuta zile zinazochelewa.

Rafiki yangu mwalimu aliyeko Voi, huko Taita, alinitumia mfuko wa udongo mwekundu kwa basi, na kondakta alinihoji kwa muda kabla ya kunikabidhi, kwa sababu hakuamini kwamba kuna mtu anayelipia mzigo wa mchanga. Niliutia udongo katika kopo la maji, nikakoroga, nikasubiri kama dakika moja, kisha nikayamimina maji mekundu katika kopo la pili na kuuacha mchanga chini. Kopo la pili nililiacha litulie kwa nusu saa, na maji yaliyokuwa bado mekundu nikayahamishia katika kopo la tatu. Hayo ya kopo la tatu ndiyo mali. Yaliachwa hadi siku iliyofuata, nikamwaga maji maangavu yaliyokuwa juu, nikayapaka masalio kwenye sahani na kuianika juani. Yalikauka yakapasukapasuka, nikayasaga kwa mgongo wa kijiko na kuyachekecha kwa soksi ya nailoni. Unga niliopata ni laini kiasi kwamba ukiugusa, mistari yote ya kidole chako hujitokeza. Makopo mawili ya kwanza msiyatupe, maana masalio ya la pili yanafaa sana kwa tope.

Hapo likazuka tatizo ambalo hakuna mshauri aliyelitaja: udongo mwekundu juu ya gari jekundu hauonekani. Kwenye boneti nyeusi ulipendeza, lakini kwenye milango ulipotea kabisa. Niliuchanganya na chaki nyeupe ya shule iliyosagwa, kidogo kidogo, hadi ukawa na rangi ya vumbi lililokwisha kupigwa na jua, na ghafla milango ikaonekana imesafiri. Anayetengeneza magari ya Safari Rally ya Naivasha, yaani ya tangu mwaka 2021 mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia, asitumie unga huu wangu, kwa maana kule vumbi ni la kijivu lenye asili ya volkano. Wala asitumie udongo mweusi wa mbuga za karibu na Nairobi, ambao hunata kwenye magurudumu lakini haufanani na vumbi la Taita hata kidogo.

Unga haushiki kwenye rangi inayong'aa, hivyo nililipaka gari vanishi isiyong'aa kwanza. Kisha niliusambaza unga kwa brashi laini ya poda, na kuugandisha kwa kugusa spiriti kwa ncha ya brashi nyembamba, spiriti ikajitambalia yenyewe. Usiogope ukiona vumbi lote limetoweka spiriti inapolowa, kwani hurudi likikauka. Mimi nilikuwa nimejaribu kwenye bodi langu la sisimizi, kwa hiyo nilitulia.

Nikalipeleka kwa wenzangu. Sisi ni wachache, tunakutana barazani kwa mzee mmoja wa Changamwe, fundi mstaafu wa magari, na desturi ya kikao ilikuwa kusema "kazi safi sana" na kuomba chai. Sifa za namna hiyo zimewahi kuniudhi kuliko tusi, kwa sababu hazimwambii mtu aangalie wapi. Nikawapa vijiti vya kusafishia meno, nikawaambia kila mmoja aguse mahali pasipomridhisha. Wengine walichezea kijiti. Mzee alivaa miwani, akaligeuza gari mkononi, akaniuliza:

"Mwanangu, gari hili lilikuwa linakwenda, au liliegeshwa chini ya mwembe?"

"Lilikuwa linashindana, mzee."

"Basi mbona vumbi limelala sawa kila mahali? Waipa hazikufanya kazi? Mlango haukufunguliwa safari nzima? Na huku nyuma ndiko ulikokuacha safi!"

Nilitaka kubishana, lakini kesho yake nilipanda matatu hadi Mariakani, mahali ambapo malori na pikapu zinazotoka Taita hupunguza mwendo, nikaanza kupiga picha makalio ya magari. Dereva mmoja alishuka na kunitaka nimwonyeshe kitambulisho, akidhani natoka bima. Nilipomweleza kwamba nachunguza vumbi kwa ajili ya gari la sentimita 17, alimwita mwenzake aje asikie, na wote wawili wakawa wasaidizi wangu wa hiari, wakinionyesha magari machafu kuliko lao. Mzee alikuwa na haki. Upepo wa mwendo huisafisha sehemu ya mbele ya boneti, kisha huzunguka nyuma ya gari na kulivuta vumbi lijibandike kwenye mlango wa nyuma hadi juu. Tope hurushwa kutoka kwenye tairi kwenda nyuma na juu, kwa mshazari, halianguki kutoka mbinguni.

Nyumbani niliondoa unga mwingi kwa pamba yenye unyevu. Kwa waipa nilikata vipande vya karatasi ya njano yenye gundi, ile ya ofisini, katika umbo la upepeo, nikavibandika kwenye kioo cha mbele, nikapaka vumbi, nikavibandua. Mipaka ilitoka mikali ajabu, na bado huwa napenda kumwonyesha mgeni sehemu hiyo kabla hajaomba. Taa nilizifuta kabisa, kwani hakuna madereva wanaoingia usiku na taa chafu. Kwa tope niliyakoroga masalio ya kopo la pili na vanishi isiyong'aa, nikalirusha kwa mswaki mkuukuu kutoka upande wa tairi, si kutoka upande wangu.

Kuanzia siku hiyo vijiti vimekuwa sheria ya kikao. Mwenzetu wa Moshi alituletea picha za Peugeot 504 ya Ove Andersson, mshindi wa mwaka 1975, akitarajia pongezi, nami nikamwandikia kwamba tairi zake zimejaa tope hadi sehemu inayogusa barabara, ilhali gari likitembea hatua chache tu kwenye ardhi ngumu sehemu hiyo hujisafisha, na tope hubaki kwenye mianya na pembeni. Nikaongeza kwamba azisugue kidogo kwa msasa upande wa chini, ili gari lionekane lina uzito. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akatuma picha mpya, tairi zikiwa zimebonyea kidogo chini, pamoja na malalamiko marefu kuhusu kioo changu cha nyuma, ambayo nusu yake ilikuwa kweli.

Jambo moja tu mimi na mzee hatujakubaliana. Yeye anashikilia kwamba mlango wa abiria una vumbi jingi mno kuzunguka kitasa, kwa sababu msoma ramani hushuka kwenye kila kituo cha ukaguzi kugongesha muhuri wa muda, na mkono wake ungelifuta. Mimi nasema gari langu liko katikati ya sehemu ndefu isiyo na kituo. Ananidai nimwonyeshe kwenye ramani ni sehemu ipi hiyo, na ramani ya mwaka 1971 bado naitafuta.