Miligramu 8 na usiku mmoja wa mashine: nilivyopimiwa NMR kwenye maabara nisiyowahi kukanyaga

Ukianza uzamivu wa kemia, kila aliyekutangulia anakupa wosia uleule: jenga mtandao. Ukiuliza unajengwaje, unaambiwa hudhuria makongamano, gawa kadi, andikia maprofesa hamsini, hakosi mmoja wa kujibu. Niliwaandikia. Waliojibu sikuwahesabu, maana sifuri haina hesabu. Baruapepe yenyewe nikiisoma leo naona haya: aya nne za ndoto zangu, kisha "naomba ushirikiano". Ushirikiano wa nini? Ningeulizwa, nami nisingejua.

Shida ilikuwa ndogo na ilipimika. Nilikuwa nimetenga kampaundi kutoka kwenye mizizi ya mmea, nina spektra ya masi (inayoonyesha uzito wa molekuli na vipande vyake), na spektra ya protoni kutoka kwenye mashine ya mezani ya NMR, inayosoma muundo wa molekuli kwa sumaku, ya megahezi 60 ambamo vilele vimelaliana kama vigae. Mashine kubwa tuliyoitegemea ilikuwa imekufa. Sumaku ya NMR hukaa ndani ya heliamu kimiminika, karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Isipoongezwa kwa wakati, nyaya za sumaku hupoteza ile hali ya kupitisha umeme bila ukinzani na mashine inabaki pambo. Nilihitaji COSY, HSQC na HMBC, majaribio ya NMR yanayoonyesha atomi ipi imeungana na ipi, kwenye megahezi 500 au zaidi. Basi. Usiku mmoja wa mashine ya mtu.

Mtu huyo sikumpata kwenye kongamano la nauli na hoteli. Royal Society of Chemistry, chama cha kemia cha Uingereza, huandaa mkutano wa mabango wa mtandaoni, ulioanza 2015, unaodumu saa 24 na kushiriki ni bure. Sikuweka bango langu. Nilisoma mabango ya watu wanaopima kampaundi zinazofanana na yangu, nikauliza swali moja: kwa nini HMBC yao ilipangwa kwa hezi 8 na mshikamano fulani wa protoni na kaboni iliyo mbali haukuonekana? Aliyejibu hakuwa profesa. Alikuwa mtaalamu anayeendesha mashine. Hapo ndipo wosia wa wakubwa unapopotosha: profesa ana jina mlangoni, lakini ratiba ya mashine iko mikononi mwa mwendeshaji na watafiti wa baada ya uzamivu. Mwandikie huyo, na profesa wake umweke kwenye nakala ili asione umepita uani.

Ombi langu lilikuwa na sentensi tano. Kampaundi ipi, uzito gani, ninataka majaribio yapi, makadirio ya saa za mashine, na kipi nimeshakifanya mwenyewe. Niliambatisha picha ya bamba la TLC (ambapo kila kampaundi hupanda na kuacha doa lake) na ile spektra mbovu ya megahezi 60. Jibu lilikuja siku ya pili: tuma.

Nikatuma takataka.

Acha niieleze vizuri, kwa sababu kosa hili wanalo wengi na wengine wamelichapisha. Kwenye kolamu ya silika, ule mrija wa kutenganishia kampaundi, nikipandisha ethili aseteti ndani ya heksani kutoka asilimia 5 kwenda 10, ilitoka sehemu moja safi ya kupendeza. Mafuta yasiyo na rangi, doa moja tu kwenye TLC, linaonekana chini ya mwanga wa nanomita 254. Uzito: miligramu 8 kasoro kidogo. Nikaona hii ndiyo lulu, ile kampaundi ya awali nikaiweka kando, nikatuma hii.

Matokeo yalirudi yakiwa mazuri kupita kiasi. Kaboni 12 kwenye spektra, lakini masi ilionyesha 413 kwa ioni yenye sodiamu, yaani fomula ya C24H38O4. Kaboni 24, vilele 12: kampaundi yenye nusu mbili zinazolingana! Protoni za pete ya benzini kwenye 7.70 na 7.53 (nafasi za vilele kwenye spektra, kwa ppm), mbili mbili. Protoni nne kwenye 4.22, dalili ya esta. Kaboni ya kabonili kwenye 167.8. Nilichora muundo, nikaupenda, nikaanza kufikiria jina. Wiki tatu nzima. Msimamizi wangu aliniachia nifurahi, sijui kwa huruma au kwa sababu hakusoma.

Yule mwendeshaji aliniandikia mstari mmoja: "Viyeyushi vyako vinatunzwa kwenye chombo cha nini?"

Kwenye dumu la plastiki. Lulu yangu ilikuwa thaleti ya kulainishia plastiki, ile yenye mikia miwili ya ethilihekzili. Kama ningetazama vipande kwenye spektra ya masi ningekiona kilele cha 149, ambacho kila mtu wa spektrometria ya masi anakijua kama anavyomjua jirani msumbufu. Hesabu yake ni nyepesi. Kiyeyushi kikiwa na miligramu 2 tu za thaleti kwa lita, hakuna atakayeziona. Pitisha lita 4 kwenye kolamu, kausha, na una miligramu 8 za "zao asilia". Zaidi ya hapo, thaleti hutoka kwenye silika kama kampaundi yoyote inayoshikwa na silika kwa wastani, kwa hiyo hukusanyika yote kwenye mirija michache na kukudanganya kuwa ni safi. Ni kweli ni safi. Ila si ya mmea.

Tangu hapo hakuna kolamu ninayoianza bila jaribio tupu. Chukua mililita 500 za kiyeyushi kilekile, kausha kwenye chupa ya duara iliyopimwa uzito ikiwa tupu, pima tena, kisha weka mabaki kwenye bamba la TLC pembeni ya sampuli. Kukibaki kitu kinachopimika, kiyeyushi kinakenekwa upya na kuhifadhiwa kwenye glasi. Mipira ya pipeti, vifuniko vyenye kitambaa cha plastiki laini, mirija ya kubania, vyote hivyo klorofomu inavilamba. Kifuniko kiwe na kitambaa cha PTFE (tefloni). Grisi ya viungio vya glasi nayo hujitangaza: ya silikoni kwenye 0.07, ya haidrokaboni kwenye 0.86 na 1.26.

Nilidhani nimefukuzwa. Kumbe aliniambia nitume nyingine, na safari hii nikarudi kwenye kampaundi niliyoidharau.

Miligramu 200 za sehemu ghafi nilizipakia zikiwa kavu: ziyeyushe, ongeza silika kidogo, kausha hadi iwe unga unaotiririka, mwaga juu ya kolamu. Kupakia kwa majimaji huleta mikia. Silika gramu 10, chembe za mikromita 40 hadi 63, yaani mara 50 ya sampuli. Kwa mchanganyiko rahisi mara 30 inatosha. Mchanganyiko wa viyeyushi uchaguliwe ili doa unalolitaka lipande kati ya 0.2 na 0.3 ya urefu uliopandwa na kiyeyushi kwenye TLC. Ukiliacha lipande hadi 0.6 litatoka pamoja na majirani zake. Doa moja kwenye mfumo mmoja wa viyeyushi si ushahidi wa usafi. Nilipima kwenye mifumo mitatu, na ule wa tatu ndio uliofichua doa la pili. Kolamu ikarudiwa.

Kukausha kulinichosha kuliko kutenga. Ethili aseteti hung'ang'ania ndani ya mafuta mazito, unaiona kwenye 1.26, 2.05 na 4.12 hata baada ya saa nzima kwenye rotavepa, mashine ya kukaushia viyeyushi. Dawa yake ni kuyeyusha tena kwa mililita 2 za klorofomu na kukausha, mara tatu, halafu ombwe kali usiku kucha. Klorofomu inaisukuma ethili aseteti nje, na yenyewe ikibaki kidogo huonekana kama mstari mmoja tu kwenye 7.26, isiyosumbua mtu.

Uzito usiupunje. Ubora wa ishara dhidi ya kelele hupanda kwa kipeuo cha pili cha mizunguko ya kupima: ukitaka mara mbili, unalipa muda mara nne. Kwa hiyo ukituma miligramu 4 badala ya 8, ili mtu apate spektra ileile inabidi akupe mashine mara nne ya muda. Na kwa kuwa kaboni-13 ni kama asilimia 1.1 tu ya kaboni yote, kaboni ndiyo inayokula usiku. Protoni ni dakika chache, COSY robo saa au nusu, HSQC karibu nusu saa, HMBC saa moja na zaidi. Ukijua hivi, ombi lako halimtishi mtu. Nilikuwa na miligramu 12: nane zikaenda, nne zikabaki kwenye jokofu. Kutuma zote ni ujasiri wa kijinga.

Zilikwenda zikiwa kavu, kwenye kichupa cha glasi. Klorofomu kwenye kifurushi cha ndege inahesabiwa kuwa kitu cha sumu, ina masharti yake na fomu zake, na ushuru wa forodha hautaki kusikia kuwa ni kijiko kimoja. Jaribio la kuyeyuka nililifanya kwenye maabara yetu kwa klorofomu ya kawaida, ili mpokeaji asihangaike. Kuna watu hutuma unga usioyeyuka na kumwachia mwenzao kitendawili. Kampaundi inayoharibiwa na asidi nisingeiruhusu ikae kwenye klorofomu yenye deuteriamu iliyozeeka, kwani hujitengenezea asidi. Karatasi iliyoandamana nayo ilikuwa ukurasa mmoja: namba ya sampuli, uzito, fomula, viyeyushi nilivyotumia, mwanga na joto vinaiathiri vipi, majaribio ninayoyataka kwa mpangilio wa umuhimu. Mpangilio ni muhimu. Muda ukiisha katikati, HMBC iwe imeshapimwa. Gharama ya posta ilikuwa kidogo kuliko usajili wa kongamano lolote nililowahi kulitamani.

Jambo lililochelewesha si kemia. Mmea unaovuka mpaka kwa utafiti unaweza kuguswa na Itifaki ya Nagoya, ya kugawana manufaa ya rasilimali za kijenetiki, ya 2010, iliyoanza kutumika 2014, na nchi nyingi zina kibali chake. Pamoja nacho kuna mkataba wa kuhamisha sampuli baina ya vyuo, ambao unataka sahihi ya ofisi na si ya msimamizi. Anza hayo kabla ya kolamu. Mimi nilianza baada ya kukausha, nikakaa na kichupa mkononi wiki nyingi nikisubiri muhuri.

Uandishi wa makala tuliupanga kwa baruapepe kabla kifurushi hakijaondoka: anayepima na kusaidia kutafsiri ni mwandishi mwenza, anayepima tu anashukuriwa, mabaki ya sampuli yanarudi au yanatupwa, data ghafi ni zangu pia. Hilo la mwisho lisisitize. Ukiletewa picha ya PDF huwezi kurekebisha awamu wala kupanua eneo lenye msongamano. Omba folda nzima yenye faili ya fid, yaani ishara ghafi ya mashine. Wenzangu wawili wamekwama kwa mhakiki aliyetaka data ghafi, na mashine ilishafutwa kumbukumbu.

HMBC ilipofika, mshikamano mmoja tu wa protoni za metoksi na kaboni kwenye 160 na ushei ulimaliza ubishi wa miezi: kundi hilo la metoksi lilikuwa upande wa pili wa pete na nilikochora mimi.

Vyama navyo vina nafasi yake, ila si ile inayohubiriwa. International Younger Chemists Network, iliyoundwa 2017 na kushirikiana na IUPAC (umoja wa kimataifa wa kemia), ni mahali pazuri pa kukutana na watu wa rika lako, ambao miaka michache baadaye ndio watakaoshika funguo za mashine. Chama cha kemia cha nchi yako huwa na ada nafuu ya mwanafunzi na kinakupa mtu wa kukudhamini. OPCW, shirika la kuzuia silaha za kemikali lililoko The Hague, lina ufadhili wa mafunzo ya uchambuzi wa kemikali na wa kukaa kwenye maabara nyingine, na wanakemia wengi hawaombi kwa kudhani ni mambo ya kijeshi. Namba ya ORCID, inayomtambulisha mtafiti, tarakimu 16, ichukue leo. Ni dakika tano, na bila hiyo utachanganywa na majina yanayofanana na lako. Kadi za biashara niliacha kuzichapisha.

Mwendeshaji yule bado tunaandikiana. Naye siku hizi hunielekezea wanafunzi wanaotaka kutenganishiwa mchanganyiko, kwa sababu kolamu ninaziweza kuliko yeye. Kifurushi cha juzi kilikuja na barua nzuri sana, na ndani yake mafuta yasiyo na rangi kwenye kichupa cha plastiki. Sijaipima bado, lakini nimeshaandika 149 kwa penseli pembeni ya daftari.