Kwadi kwenye mchanga wa Wahiba, nenda alfajiri

Wageni wakija Oman karibu wote wanataka wakaendeshe kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne, jangwani Wahiba mchana, washakula washashiba, na mi nawaambia jamani hapana, tuondoke Muscat usiku, tuswali alfajiri Bidiya, mji wa ukingoni mwa jangwa, jua likichomoza tuwe tushavaa helmeti. Na sio sababu ya joto tu.

Wahiba iko kama kilomita 200 hivi kutoka Muscat, ukishapita maduka ya Bidiya lami inaisha na mchanga unaanza palepale, matuta marefu yamelala kaskazini kwenda kusini, mengine yanafika mita 100 na zaidi. Yamejengwa na upepo wa kusi, maelfu ya miaka, kusi hiihii iliyokuwa inarudisha majahazi Arabuni kutoka Unguja na Mombasa, mi nikifikiria hilo nasisimka kabisa.

Sasa tuta lina pande mbili. Upande unaopigwa na upepo umeinama pole pole, mchanga umeshikana, kwadi inapanda vizuri tu. Upande wa pili umekatika ghafla, nyuzi 30 na kitu, na mchanga wake laini unamwagika ukiugusa. Jua likiwa chini kila ukingo una kivuli chake, unaona kabisa wapi pamekatika, afu umande wa usiku bado haujakauka kwahiyo matairi hayazami sana. Saa sita mchana kivuli hakuna, kote rangi moja, unavuta mafuta unadhani mbele ni tambarare kumbe ardhi imeisha.

Ami anayetupelekaga, mzee wa hukohuko aliyezaliwa Unguja, kabla hajamruhusu mtu apande anainama anabonyeza kila tairi kwa kiganja, anatoa upepo kidogo, anabonyeza tena, anatikisa ile fimbo ndefu ya bendera nyuma aone imekaza, manake bendera ndo inakuonyesha kuna mtu anakuja upande wa pili wa tuta. Afu anasema, "Mwanangu, tuta usilikate ubavu. Panda wima, ukikaribia juu punguza, chungulia, ndo ushuke wima." Ukilikata ubavu kwadi inabingirika na wewe uko chini yake, na ile ni kilo mia mbili na zaidi, sio baiskeli. Kupanda egemea mbele, kushuka rudisha uzito nyuma na breki ya mbele usiibane kwa nguvu. Ukiona mwendo unakufa kabla ya kileleni usisubiri isimame, geuza mapema ukiwa bado na kasi urudi chini ujipange upya.

Na kitu kingine naomba sana, ile miti ya ghaf na vichaka vidogo vidogo bondeni msivikanyage. Mbuzi na ngamia wa Mabedui wanakula hapo, na mche mmoja kushika mchangani ni kazi kwelikweli. Zunguka tu, nafasi ipo kibao.