Kifungu kimoja katika hati ya talaka

Leo nimemsindikiza dada yangu mahakamani katika shauri lake la talaka.

Hati ya makubaliano ilikuwa tayari kusainiwa, na malezi ya watoto na matunzo yao yalikuwa yamepangwa vizuri. Wakili wake aliomba muda wa kuisoma upya, kisha akaweka kidole kwenye kifungu kilichompa mume nyumba huku mkopo wa nyumba hiyo ukibaki kwa jina la dada.

Kidole hakikuondoka hapo. Alieleza kwa upole kwamba benki haifungwi na makubaliano ya wanandoa, hivyo ingeendelea kumdai dada, na kifungu kikaandikwa upya.

Nawafikiria wanaosaini peke yao, wakiwa wamechoka.

Ndugu mliopitia haya, wakili aliwasaidia katika jambo gani?